Choki ya kujifungia mwenyewe: ringi niliyouziwa imenitoa jasho

Jamani mi shida yangu sio choki (koaksi, yaani waya wa antena ya redio, unaozungushwa kwenye ringi ili kuzuia mkondo msumbufu juu ya waya), shida yangu ni aliyeniuzia ringi. Nilimwambia kabisa nataka ferite (kauri yenye usumaku), miksi 31 (namba ya mchanganyiko wake), maana kila nikibonyeza maiki kurusha kwenye mita 40 (masafa ya megahezi 7) laptop inaganda na ile maiki ya chuma inanipiga shoti mdomoni. Akasema ndo hiyo hiyo. Ikaja nyekundu. Hapo ningeshtuka, ferite kwa kawaida ni nyeusi hivi ya kijivu, rangi nyekundu ni ya unga wa chuma, ila nilikuwa na kiherehere cha kufunga.

Nikafunga raundi 12 za RG-58 (koaksi nyembamba), nikapima na NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima signali), dibeli (dB, kipimo cha choki inavyozuia) sifuri. Nikamwandikia kwa hasira zote, akanijibu eti "unapima ndani ya koaksi, jifunze kwanza ndo ulalamike". Na ukweli alikuwa sahihi bwana, nilichomeka konekta huku na huku kama napima waya wa antena, signali ikapita ndani kwa ndani wala haijui kama kuna choki. Unatakiwa uunge upande mmoja wa kifaa kwenye shildi (wavu wa nje wa koaksi) ya ncha hii na upande wa pili kwenye shildi ya ncha ile, kwa sababu mkondo msumbufu unatembea juu ya ngozi ya nje. Nikanywea.

Nikapima upya hivyo sasa. Dibeli 2 kwenye megahezi 7. MBILI! Choki ya maana hapo inatoa 30 na kupanda. Nikamtumia picha, anasema "si SWR yako iko 1.2, basi inafanya kazi". Sasa SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) inaingiaje hapo?? SWR inaweza kuwa safi kabisa na koaksi bado inarusha mawimbi kama antena ya pili. Mtu aliyejua kunisuta kwenye kupima, hili alikuwa halijui? Alilijua, ndo maana inaniuma.

Baadaye nikapata ringi ya kweli kwa mtu mwingine, koaksi ile ile, raundi zile zile 12, dibeli 33. Laptop imetulia, kelele kwenye redio zimeshuka toka S7 mpaka S4 (kipimo cha nguvu ya signali kwenye redio), nilikaa nasikiliza tu sirushi hata neno. Kwa hiyo kufunga choki mwenyewe nyota tano, hata sijiulizi.

Ile nyekundu nimeifanya koili ya tuna (kifaa cha kulinganisha redio na antena), na huko inapiga kazi balaa, haipati hata joto, karibu nimsifu. Simsifu. Mpaka leo hajaniambia ile ilikuwa miksi gani.