Uchambuzi: chambo cha Clouser kwa straipa wa mwanzo wa msimu

Kiangalieni vizuri, nakisogeza karibu na kamera. Ndoana moja, manyoya ya mkia wa kulungu, nyuzi chache za kumetameta, na macho mawili ya madini ya risasi. Hiki ndicho Clouser Minnow, chambo bandia cha kurusha. Alikibuni Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980 kwa samaki wa mto Susquehanna, na leo wavuvi wa straipa, yule samaki wa milia wa pwani ya mashariki ya Marekani, hawatoki nyumbani bila hiki.

Nawaambia mapema ndugu zangu: kama una pesa kidogo ya kuanzia msimu, usiitupe kwenye fimbo ya kifahari. Nunua chambo hiki, na mshipi unaozama polepole.

Sababu ni baridi. Straipa hutaga ghuba ya Chesapeake na mto Hudson, kisha hupanda kaskazini wakifuata pwani. Hapa Rhode Island wale wadogo hutangulia, mwishoni mwa Aprili, maji yakiwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Kwenye maji hayo samaki ni mzito. Hapandi juu kufukuza kinachokimbia. Yuko chini, anangoja chakula kimpitie.

Hapo macho ya risasi yanafanya kazi yake. Yamefungwa upande ambao hukifanya chambo kijipindue majini, ncha ya ndoana ikatazama juu, kwa hiyo kinapita karibu na mchanga na mawe bila kunasa ovyo. Ukivuta, kinapanda. Ukiachia, kichwa kinainama kama dagaa aliyejeruhiwa, na mara nyingi straipa hukidaka wakati huo kinapozama. Ndiyo maana nawasihi: vuta kidogo, tulia, vuta tena. Na akishika usinyanyue fimbo, vuta mshipi kwa mkono mpaka ndoana iingie.

Mahali nako kuna siri. Chukua mfano wa Narrow River, kule Narragansett. Jua la mchana hupasha maji machache yaliyo juu ya matope huko ndani. Yakianza kupwa alasiri, yale yenye vuguvugu hushuka mlangoni pamoja na visamaki, na straipa hukaa pembeni mwa mkondo wakiyasubiri. Rusha kuukata mkondo, uache ubebe chambo huku mshipi umekaza. Ukiona maji yanakupwa kuanzia saa tisa siku ya jua, nenda!

Kasoro zipo. Ni kizito. Kwa fimbo nyepesi ya namba 6 utateseka. Shika iliyo imara zaidi, ya namba 8 au 9. Upepo ukivuma kinaweza kukupiga kisogoni, au kugonga fimbo na kuipasua, kwa hiyo miwani na kofia ni lazima. Tena, vile vya bei ya kutupa macho yake hulegea upesi. Dukani yasokote kwa vidole, yakicheza, rudisha.

Rangi? Kijani cha kung'aa juu, nyeupe chini, ndoana ya namba 1/0, urefu wa kidole cha kati. Manyoya yawe machache. Kikiwa kinene hakizami inavyotakiwa.

Jambo moja nalishikilia sana: bana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachoizuia kuchomoka. Kwa kanuni zilizoanza 2023, mvuvi wa burudani baharini anaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, kuanzia inchi 28 hadi chini ya 31. Wa Aprili wengi hawafiki huko, lazima warudi majini, na bila kijino unamwachia hata bila kumtoa nje. Straipa waliwahi kupungua mpaka Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwalinda mwaka 1984. Walitangazwa kupona 1995, na sasa wamepungua tena. Tuwashike kwa huruma.

Ukirudi nyumbani kisuuze chambo kwa maji yasiyo na chumvi na ukianike kikauke kabisa kabla ya kukifungia sandukuni, la sivyo chumvi itaila ndoana. Mlioko Connecticut na Massachusetts, andikeni hapo chini: straipa wamefika kwenu?