Kamera ya mtego: ya kadi au ya laini?

Kamera za mtego, zile zinazofungwa porini na kujipiga zenyewe mnyama akipita, ziko za aina mbili: ya kadi ya kumbukumbu, ambayo ni lazima uifuate porini ndipo uone picha, na ya laini ya simu, inayokurushia picha kwenye simu papo hapo. Ya laini inavutia zaidi dukani. Kwa kuwinda, chukua ya kadi.

Sababu ni kwamba ya laini humwambia mtu aliyekaa sebuleni kuwa pongo yuko kijitoni sasa hivi. Kinachobaki ni kwenda kummaliza, na huo si uwindaji wa haki. Klabu ya Boone and Crockett ya Marekani, inayoweka rekodi za wanyama waliowindwa, haikubali kusajili mnyama aliyewindwa kwa kufuata picha za namna hiyo. Jimbo la Arizona, huko huko Marekani, limekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2022 limepiga marufuku kamera zote za kuwindia, hata za kadi. Lakini kama kazi ni kulinda mihogo dhidi ya nguruwe mwitu, ya laini inalipa, mradi mtandao unashika pale shambani.

Kwenye taa ya usiku ya infraredi, usidanganyike na umbali ulioandikwa kwenye boksi. Zenye mawimbi ya nanomita 850 humulika mbali, ila zikiwaka hutoa kidoti chekundu, na mwizi hukiona. Za 940 hazionekani kwa jicho. Picha yake ya usiku ina chengachenga, lakini kamera utaikuta. Kwa maeneo yenye watu, 940.

Kihisio, sehemu inayoiamsha kamera, hakioni mnyama. Kinahisi joto linalosogea, likitofautiana na joto la mazingira. Ndiyo maana saa saba mchana, nyasi zikiwa zimechemka, ngiri anaweza kupita bila kupigwa picha, na kamera inayotazama mashariki au magharibi hujaza kadi kwa jua na majani matupu. Ielekeze kaskazini au kusini, fyeka nyasi mita 4 mbele yake, ifunge kwenye mti mnene usioyumba. Kwa nguruwe, sentimita 60 kutoka chini zinatosha. Itazame njia kwa mshazari. Ukiiweka mkabala na njia, anayepita mbio atakuachia mkia tu.

Nyingi hula betri 8 za AA. Lithiamu ni ghali lakini ndizo zinazodumu. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo taa ya usiku hufifia mapema. Usichanganye mpya na kuukuu: ile dhaifu huvuja na kula vyuma vya ndani. Kabla ya masika kagua mpira wa mlango, maana sisimizi huupenda ufa wowote, kisha tupia ndani kipakiti cha kunyonya unyevu.

Jina lenyewe lina balaa. Kwa wakazi wa kandokando ya hifadhi ya Murchison Falls nchini Uganda, mtego ni waya wa kunasia wanyama, ule ule ambao askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, huung'oa. Kwa hiyo ukienda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, sema "kamera", mwonyeshe picha inavyotoka na mahali itakapofungwa. Usiielekeze kisimani wala kwenye njia ya kuni. Picha ya mama aliyejitwika mtungi si yako. Ifute hapo hapo, usiipeleke kwenye kundi la WhatsApp. Ndani ya hifadhi, usifunge chochote bila ruhusa ya UWA. Na picha ya pongo si kibali cha kumpiga risasi: chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 uwindaji unahitaji ruhusa, umiliki wa ardhi pekee hautoshi.

Ukikuta kamera ya mwenzako, pita nyuma yake na kadi iache ilivyo. Yako itembelee mara moja kwa wiki mbili, mchana, ukiwa na kadi ya pili ya GB 32 mfukoni: chomoa, chomeka, ondoka. Kila ziara huacha harufu yako njiani, na nguruwe huinusa upesi.