TAHADHARI: Mishale ya kaboni "spaini 340, inafaa paundi 40 hadi 70"

Ndugu zangu mnaowinda kulungu Marekani na Kanada kwa upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu, yaani kamu, kwenye ncha zake), kaeni macho. Majimbo mengi hufungua msimu wa upinde Septemba au Oktoba, na huo ndio wakati wa matangazo haya kwenye masoko ya mtandaoni na vikundi vya WhatsApp: dazeni ya mishale ya kaboni kwa dola 30 na ushei, "spaini 340, inafaa upinde wa paundi 40 hadi 70" (paundi hapa ni nguvu inayohitajika kuuvuta upinde). Kauli hiyo peke yake inatosha kumwepuka muuzaji. Hakuna mshale unaoufaa upinde wa paundi 40 na wa paundi 70 kwa pamoja.

Spaini ni kipimo cha ugumu. Uti, yaani kijiti chenyewe cha mshale, wa inchi 29 hulazwa juu ya vishikio viwili vilivyoachana inchi 28, katikati huning'inizwa uzito wa gramu 880, kisha hupimwa umebonyea kiasi gani. Ukibonyea inchi 0.340, huo ni 340. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu. Kwa kigumba cha greini 100 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) na mshale wa inchi 28, upinde wa paundi 70 hutaka kama 340, wa paundi 60 hutaka 400, wa paundi 50 hutaka 500. Uti ukiwa mrefu zaidi au kigumba kikiwa kizito zaidi, mshale hulegea, nawe huhitaji namba ya chini ya hapo. Ndiyo maana muuzaji anayeijua kazi hukuuliza paundi za upinde, urefu wa kuvuta, urefu wa mshale na uzito wa kigumba. Asiyeuliza anamaliza stoo yake.

Ujanja wenyewe ni mwepesi: wanachapa 340 juu ya uti ambao ukiupima unatoa 500. Wino haujui ugumu. Kipimo unaweza kukifanya mezani kwako. Jaza chupa maji mpaka chupa, maji na kamba yake vifike gramu 880 kwenye mizani ya jikoni, itundike katikati ya uti uliolazwa juu ya vishikio vilivyoachana inchi 28, upime uti umeshuka milimita ngapi. 340 ya kweli hushuka kama 8.6, 400 hushuka 10.2, 500 hushuka 12.7. Tofauti ya milimita nne huhitaji rula tu.

Kisha pima uzito. Watengenezaji wengi wa pinde hutaka angalau greini 5 kwa kila paundi, yaani greini 350 kwa upinde wa 70. Gramu moja ni greini 15.43, kwa hiyo mshale kamili, pamoja na kigumba, usipungue gramu 22.7. Uti wa greini 9 kwa inchi, inchi 28, ni greini 252. Weka noki (kishikio cha nyuma kinachokaa kwenye uzi), manyoya, inseti (kipande kinachoshikilia kigumba ndani ya uti) na kigumba cha 100, unafika kama 400. Uti wa greini 6 kwa inchi huishia karibu 316. Huo ni kama kufyatua upinde mtupu: nguvu isiyobebwa na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde (sehemu zake zinazopinda), kamu na uzi, na mikono hupasuka. Mshale uliolegea kupita kiasi nao hujipinda ukisukumwa, unaweza kuvunjika ukingali kwenye upinde, na vijiti vya kaboni huingia kwenye mkono ulioushika upinde. Hata usipovunjika, vigumba vya makali vitaenda kwingine kabisa na vile vya mazoezi.

Jihadhari hasa na "tuma urefu, tunakukatia bure". Uti ukishakatwa chini ya inchi 28, kipimo hiki hakiwezekani tena, na muuzaji atasema bidhaa iliyokatwa hairudishwi. Agiza uti mzima, upime, ndipo ukate. Wapo pia wanaoshauri ukate mfupi zaidi ili ugumu upatikane. Kweli uti huwa mgumu, ila ncha ikirudi nyuma ya kiegemeo (mahali mshale unapolalia kwenye upinde) unapovuta, kinacholengwa ni mkono wako.

Angalia na ncha iliyokatwa: tabaka jeupe chini ya ngozi nyeusi ni fibaglasi. Pinda kila uti kidogo, mbali na uso, ukiuzungusha robo kwa robo. Uti ukitoa mlio wa kupasuka, au vijiti vyake vikikuchoma vidole, umeharibika.

Lipa kwa kadi ya mkopo. Pesa ya Zelle (huduma ya Marekani ya kutumiana pesa kwa benki) ikishamfikia tapeli ni vigumu kuirudisha. Kama umeshanunua, rekodi video ya kipimo pamoja na maandishi ya uti, kisha ifikishe benki iliyokupa kadi ili upinge malipo. Ile iliyotoa 500 na ikapita jaribio la kupinda bado inaweza kutumika kwa upinde wa paundi 50, uzito ukitosha. Inayolia ivunje vipande kabla ya kutupa, asije akaiokota mtoto akaifyatua.