Kipimajoto cha kuchomeka: kifaa cha kwanza kununua kwa anayeoka kidari cha kuku

Kidari kikitoka kwenye oveni kikavu, lawama huwaangukia viungo, oveni au kuku mwenyewe. Mara nyingi kosa ni dakika tano tu. Katika oveni yenye nyuzi joto 220, kidari cha gramu 200 kikishafika nyuzi 60 kwa ndani hupanda nyuzi 2 hadi 3 kila dakika. Ukikitoa kwenye 71 kinakatika laini na maji yake yanaonekana kwenye kisu. Ukikiacha dakika tano zaidi kimeshapita 80, nyama inachambuka nyuzinyuzi na kukwama kooni, na hakuna mchuzi wa kuirudisha. Kwa nje vidari hivyo viwili vinafanana kabisa. Kipimajoto ndicho kinachovitenganisha, ndiyo maana tunakiweka mbele ya viungo vya pakiti, mbele ya trei mpya, na hata mbele ya oveni kubwa zaidi.

Tunachokizungumzia ni kile cha kidijitali chenye umbo la kalamu: msumari wa chuma kisichoshika kutu wa sentimita 12 hadi 15, kichwa cha plastiki chenye kioo kidogo cha namba, na betri ya kifungo, kwa kawaida LR44. Utakipata kwenye maduka ya vyombo vya jikoni na ya vifaa vya keki, na bei yake huwa karibu na ya kuku wawili watatu wa kisasa. Wauzaji wengine wanakiita themometa ya nyama, wengine themometa ya keki. Usihangaike na jina, ni kitu kilekile.

Kabla ya kukiamini, kipime chenyewe. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi mpaka yafikie juu ya barafu, koroga, subiri dakika mbili, kisha tumbukiza ncha katikati bila kugusa glasi. Kinapaswa kusoma 0, au nyuzi moja juu au chini yake. Barafu iwe nyingi. Vipande vitatu vinavyoelea kwenye glasi ya maji havitoshi, na watu wengi hukirudisha dukani kifaa kizima kwa sababu ya jaribio baya. Ukitaka kupima kwa maji yanayochemka, kumbuka mahali ulipo. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi huchemka karibu na 94 au 95, Arusha karibu na 95, Kampala karibu na 96, kwa sababu ya mwinuko. Aliyeko Nairobi akiona 95 asidhani kifaa kimeharibika. Kingesoma 100 pale ndipo pangekuwa na tatizo.

Sasa namna ya kuchoma ncha, maana hapa ndipo kifaa kizuri hutoa namba mbaya. Usichome kutoka juu. Kidari kina unene wa sentimita 3 au 4 tu, na ukichoma wima ni rahisi ncha ikapitiliza hadi kwenye trei. Ingia kwa ubavuni, upande ule mnene, msumari ukiwa umelala, na usukume polepole ukitazama kioo. Namba zitakwenda hivi: 74, 69, 65, 64, halafu 66. Ile 64 ndiyo katikati ya nyama, na ndiyo namba ya kuifuata. Zinazoanza kupanda tena zinakuambia ncha imepita upande wa pili. Kifaa cha bei hii huchukua sekunde 8 hadi 12 kutulia, kwa hiyo usisome mara tu unapochoma. Kama kidari kina mfupa, ncha ikae mbali nao kama sentimita moja.

Namba gani basi? Mamlaka za chakula za Marekani zinataka nyama ya kuku ifike nyuzi 74, joto ambalo huua vijidudu vya salmonela papo hapo. Uingereza wanasema 70 kwa dakika 2, na usalama ni uleule, kwa sababu joto dogo kidogo likikaa muda mrefu zaidi hufanya kazi sawa. Kwa mpishi wa nyumbani, njia nyepesi ni kukitoa kidari kwenye 71, kukiweka kwenye sahani ya moto, kukifunika foili bila kuibana, na kukiacha dakika 5. Joto la nje linaendelea kuingia ndani na namba itapanda hadi 74. Hakikisha kwa kupima tena. Isipofika, kirudishe oveni dakika mbili.

Sababu ya haraka hii yote iko kwenye nyama yenyewe. Kidari hakina mafuta wala mishipa ya kutosha kukilinda. Protini zake za kwanza huanza kukaza kwenye nyuzi 50 hivi, na hapo nyama inabadilika rangi na kushikana vizuri. Kundi la pili hukaza kati ya 66 na 73, na ndilo linalokamua maji kama mtu anavyokamua nguo. Paja linavumilia hadi 85 kwa sababu lina mafuta na mishipa inayoyeyuka na kulainika. Kidari hakina kitu cha kuyeyusha. Ndiyo maana kuoka paja na kidari kwenye trei moja kwa muda mmoja huharibu kimoja kati ya hivyo viwili, na karibu siku zote kinachoharibika ni kidari.

Haya ndiyo mapishi tuliyoyatumia kukitathmini kipimajoto: vidari vinne vya mnofu, kila kimoja gramu 200, jumla gramu 800. Chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu, ambayo ni kama gramu 9. Ipake peke yake kwanza, acha kwenye friji saa 2 au usiku kucha. Chumvi ikishaingia ndani huifanya nyama ishikilie maji zaidi inapoiva, jambo ambalo viungo vingine haviwezi. Kabla ya kuoka kausha kwa tishu mpaka tishu isilowe tena, halafu paka mafuta vijiko viwili vya mezani vilivyochanganywa na paprika kijiko cha chai, pilipili manga nusu kijiko, bizari nyembamba nusu kijiko, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa kijiko kimoja kimoja. Ndimu kamulia mwishoni, au iingie dakika 20 tu kabla ya oveni. Nyama iliyolala kwenye ndimu usiku kucha hugeuka nyeupe kwa nje na kuwa kama chaki ukiitafuna. Anayependa kulaza kwa muda mrefu atumie mtindi, ambao ukali wake ni mpole.

Kuna hatua moja ambayo kipimajoto hakiwezi kuifanya badala yako: kusawazisha unene. Kidari ni kama tone la maji, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, piga upande mnene kwa kifimbo cha chapati au kwa ubavu wa mchi, mapigo mafupi, mpaka kiwe sentimita 2.5 kote. Bila hivyo, katikati ikifika 71 mkia umeshafika 85. Vilevile hakikisha barafu imeisha. Kidari kilichotoka friza kikae kwenye friji usiku mzima, na hapo kifaa chetu kina kazi ya ziada: chomeka kabla ya kuoka, kikisoma 0 au chini yake, bado kuna barafu katikati na pembeni patakauka kabla ndani hapajaiva.

Pasha oveni mpaka 220 kabla ya kuingiza trei, panga vidari bila kugusana, kwenye rafu ya katikati ya oveni. Anza kupima dakika ya 14. Toa trei nje, funga mlango haraka, pima, rudisha. Oveni ndogo ya mezani hupoteza joto jingi mlango ukikaa wazi, kwa hiyo usipime ukiwa umeinama mbele ya mlango. Kikisoma 55 rudi baada ya dakika 4. Kikisoma 64 usiondoke hapo. Vidari vya ukubwa huu huiva kati ya dakika 16 na 22, na upana wa kipindi hicho ndio unaofanya saa isitoshe.

Hili la saa lina sababu ambayo mapishi ya nchi za nje hayaitaji. Jioni, watu wote wanapowasha majiko, umeme wa mitaa mingi hushuka. Oveni ya wati 1500 iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata volti 200 inatoa takribani robo tatu ya nguvu yake, kama wati 1130. Mapishi ya dakika 18 ya mchana yanaweza kudai 23 usiku. Ongeza kwamba swichi ya joto ya oveni za bei nafuu inaweza kukosea kwa nyuzi 15 au 20, na utaelewa kwa nini mpishi mmoja, kwa oveni moja na viungo vilevile, anapata kidari kitamu Jumapili mchana na ambacho hakijaiva ndani Jumatano usiku. Namba ya ndani ya nyama haijali volti. Ikifika 71, imefika.

Kinafaa pia kwa kuku wa kupaka. Oka kidari hadi 66, paka tui zito la nazi lililokolea viungo, rudisha chini ya koili ya juu dakika 3 hadi 5 mpaka tui lishike madoa ya kahawia, kisha pima. Kwa makaa ni hivyohivyo, ila pima kila kipande, kwa sababu moto wa makaa haulingani.

Aina nyingine zipo. Kile cha mshale na uso wa duara kinavutia kwa kuwa hakihitaji betri, lakini sehemu yake inayohisi joto ina urefu wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo kwenye kidari chembamba kinasoma mchanganyiko wa nyama na hewa. Kinafaa kuku mzima au mguu wa mbuzi. Bastola ya mwanga wa infraredi inapima ngozi ya nje tu. Kwa kazi hii usiitolee hela. Chenye waya, ambacho ncha yake inabaki ndani ya nyama na kioo kinakaa nje ya oveni, ni bora kuliko vyote kwa sababu mlango haufunguliwi, na kinalia namba ikifika. Bei yake ni kubwa zaidi na waya unataka uangalifu, usibanwe vibaya na mlango wala kugusa koili. Anayeoka kila siku kwa biashara anunue hicho.

Cha kalamu kina udhaifu wake. Kichwa hakizuii maji: osha chuma tu, kwa maji moto na sabuni, na ukifute kila baada ya kuchoma nyama ambayo bado haijaiva, usije ukahamisha vijidudu. Hakiachwi ndani ya oveni hata dakika moja, kwani plastiki inayeyuka, na hicho ndicho kifo cha vingi. Kitufe cha kubadili kipimo kiko karibu na cha kuwashia. Ukiona kidari ambacho bado hakijaiva kinasoma 140, kimehamia Farenhaiti. Betri ikichoka namba hufifia na kurukaruka, kwa hiyo weka ya akiba.

Na kuna nyama ambayo hakitaiokoa. Vidari vikubwa sana vya kuku wa kisasa, vya gramu 300 na zaidi, wakati mwingine huwa vigumu kama mbao tangu vibichi, vyenye mistari myeupe juu. Bonyeza kwa kidole dukani, kikigoma kiache. Vile vya friza vilivyoongezewa maji ya chumvi, soma pakiti na upunguze chumvi yako kwa nusu. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa naye si wa njia hii. Kidari chake kikitolewa kwenye 71 kitakuwa salama lakini kigumu bado. Chemsha kwa moto mdogo saa moja na nusu au zaidi, kisha ukipenda kipitishe oveni dakika chache kipate rangi.