Irma Stern au Gauguin, ipi ikae ukutani gesti?

Jamaa yangu mwenye gesti Mikindani anataka kuprinti picha moja kubwa ya kutundika mapokezi, kabakiza mbili na mimi nishamwambia achukue ya Irma Stern. Huyu mama mchoraji wa Afrika Kusini alikuja Zanzibar 1939 akarudi tena 1945, na ile picha yake Arab Priest ya 1945 ni mzee wa kilemba ambaye ungemkuta barazani Mikindani ungemwamkia shikamoo fasta, halafu fremu yake ni mbao za kuchonga za Zanzibar, yaani yale maua maua ya milango ya zamani, sasa Mtwara hii mafundi wa kuchonga wapo kibao, fremu unachongewa hapahapa tena mbao ya ukweli siyo plastiki ya dukani.

Gauguin, yule mchoraji Mfaransa, naye fresh tu. Picha yake Vahine no te tiare (mwanamke mwenye ua) aliichora 1891, mwaka uleule aliofika Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, dada kavaa gauni la kimisionari limefunga hadi shingoni, ua mkononi, nyuma njano na nyekundu zinawaka. Kwa ukuta mweupe rangi zake zinampita Stern, hapo sibishi. Ila wageni wataanza kuuliza huyu dada wa wapi, na kijana wa mapokezi atabaki anajikuna kichwa.