Tathmini ya kozi ya mtandaoni kwa walimu wapya wa tuisheni ya Kichina kwa watoto

Kozi hii imeandaliwa kwa watu wanaoifahamu Mandarini, yaani Kichina sanifu, kwa kiasi cha kutosha lakini hawajawahi kumfundisha mtoto. Nimeimaliza na sasa ninafundisha. Kwa maoni yangu, upande wa matamshi ni kozi bora, ilhali upande wa maandishi imepwaya kuliko inavyostahili.

Mandarini ina toni nne, yaani mienendo ya sauti inayobadili maana ya neno, pamoja na ile hafifu isiyohesabiwa, na hapo ndipo walimu wengi wapya hukwama, kwa kuwa hujaribu kumweleza mtoto jambo ambalo angeweza kuliiga tu. Wakufunzi wa kozi hii hawaelezi. Mkono wao huchora njia ya sauti hewani: hutulia juu kwa mā, hupanda kwa má, huzama na kuinuka kwa mǎ, kisha hukata chini kwa mà, na mtoto huiga mkono kabla ya kuiga sauti. Katika video mojawapo, mtoto anayejua kusoma anagundua kwamba nǐ hǎo imewekewa alama mbili za toni ya tatu ilhali mwalimu wake hutamka silabi ya kwanza kwa toni ya pili. Mkufunzi anamjibu kwa sentensi moja tu, kwamba toni mbili za tatu zikifuatana ile ya mbele hugeuka, kisha mchezo unaendelea. Kujua mahali pa kunyamaza ni sehemu ya ualimu ambayo nimeiona ikifundishwa mara chache.

Somo la pinyin, yaani mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa mwaka 1958, nalo limepangwa kwa busara. Kozi inashauri mtoto asikie kwanza na asome baadaye, kwa sababu aliyekwisha kujua kusoma lugha nyingine huzitamka herufi hizo kwa mazoea yake. Tofauti ya b na p, kwa mfano, imo katika pumzi: mtoto hushika kipande cha karatasi mbele ya midomo, nayo p hukipeperusha ilhali b hukiacha kimetulia. Vihesabio, yaani maneno yanayowekwa kati ya namba na nomino, kama vile běn kwa vitabu na zhī kwa wanyama wengi, vimepewa muda mfupi, na sikuona ubaya wowote. Aliyekulia katika ngeli hatishwi na jambo hilo.

Kasoro inaanzia kwenye maandishi. Kanuni za msingi zimetajwa, yaani juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na kisanduku kufungwa mwishoni, kisha mwalimu anakabidhiwa kurasa za miraba ili mtoto anakili herufi ileile safu baada ya safu. Hakuna neno juu ya mkono mdogo unaochoka upesi, wala juu ya sehemu zinazojirudia ndani ya herufi. Matone matatu ya maji yanaonekana katika 河 (mto), 海 (bahari) na 湖 (ziwa), na mtoto akishayatambua huanza kuyawinda mwenyewe katika kila ukurasa. Inashangaza kwamba kozi inayoheshimu masikio ya mtoto kiasi hiki imeyasahau macho yake.

Mazoezi ya kufundisha kwa video yana thamani kubwa, kwa kuwa maoni ya wakufunzi huhusu alichofanya mtoto kuliko alichosema mwalimu, ingawa maoni hayo huchelewa mno kufika. Sikupendezwa pia na haraka ya kupanga masomo kwa kufuata mtihani wa YCT, yaani mtihani wa Kichina kwa wanafunzi wadogo, wenye ngazi nne zinazoanzia maneno 80 na kuishia 600. Mtihani huo humfaa mwanafunzi wa shule ambaye mzazi wake anataka kipimo. Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, orodha ya maneno haiwezi kuwa dira ya somo.

Mwalimu ambaye toni zake mwenyewe bado zinayumba asitarajie kunyooshwa hapa, kwa sababu kozi inachukulia kwamba kazi hiyo ameimaliza. Mwenye msingi huo anaweza kujiandikisha bila wasiwasi, ila atafute mahali pengine pa kujifunza kufundisha maandishi kabla ya kumpokea mwanafunzi aliyekwisha kushika penseli.