Printa ya picha za kupaka rangi: ipi ununue ukiwa Dodoma

Anayeprinti picha ili zipakwe rangi kwa mkono hahitaji printa yenye rangi za kupendeza. Rangi zitatoka kwenye penseli, krayoni au brashi. Anachohitaji ni mstari mweusi unaokaa mahali pake: usiochuja ukiguswa na maji, usiopakaa kiganja cha mtoto kinapopita juu yake, usiokatika katikati ya shingo ya twiga. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "inatoa rangi?" Uliza wino wake mweusi ni wa aina gani. Wauzaji wengi hawategemei swali hilo, watakuonyesha ile inayotoka sana, nawe utaipenda kwa bei kabla hujajua inafanya nini.

Nimepanga orodha hii nikimfikiria mwalimu wa chekechea, mzazi mwenye watoto nyumbani wakati wa likizo, anayefundisha watoto kanisani Jumapili, na mtu mzima anayepaka rangi jioni ili kichwa kitulie. Wote wanaprinti mistari, lakini hawapaki rangi za aina moja, na hapo ndipo uchaguzi unapobadilika.

Wino kwanza, printa baadaye

Kwenye boksi la printa au la chupa ya wino tafuta neno "Dye" au "Pigment". Wino wa dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya kimiminika. Unazama kwenye nyuzi za karatasi, na maji yakija juu yake unayeyuka tena na kutembea. Wino wa pigimenti una chembe ndogo sana zisizoyeyuka, ambazo hubaki juu ya karatasi na kushika zikishakauka. Wachoraji wa kale wa Kondoa walitegemea jambo hilohilo: rangi nyekundu ya madini iliyopakwa mwambani. Picha zao za Kolo tunaziona hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Mpe mtoto rangi za maji juu ya mstari wa dai uone. Brashi ikipita mara moja, weusi unaingia kwenye njano, jua linakuwa la kijivu, na mtoto anadhani kosa ni lake. Hilo linaniuma kuliko gharama ya wino, maana ndipo wengi wanaposema "mimi sijui kuchora" na kuacha.

Printa ya leza haitumii wino bali tona, unga wenye plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukagandishwa kwenye karatasi. Maji hayaufanyi kitu.

Basi ukipaka kwa penseli za rangi au krayoni tu, karibu printa yoyote itakufaa. Ukitumia rangi za maji au kalamu za rangi zenye maji, chukua pigimenti au tona, kwa sababu dai huchafua hata ncha za kalamu na rangi ya njano hairudi tena kuwa njano. Maka peni za spiriti zina tabia zake: zinaweza kulainisha tona na kuivuta, na hupenya hadi upande wa pili wa karatasi. Zijaribu kwenye kona kabla ya kuanza picha, na weka karatasi nyingine chini ili meza isipate alama.

Nafasi ya kwanza: printa ya matangi yenye wino mweusi wa pigimenti

Hapa nawaweka Canon PIXMA G2411 na G3411, HP Smart Tank 515, na Epson L4260. Zote zina matangi unayojaza kwa chupa, zote zina skana ya kutolea kopi, na zote zinatumia pigimenti kwa nyeusi na dai kwa rangi nyingine tatu. Kwa kazi yetu mgawanyo huo unafaa sana: mstari unastahimili maji, na siku ukihitaji picha ya rangi kwa ajili ya kazi ya shule, unayo.

Kati ya hizo, ningenunua Canon kwanza. Sababu ni vumbi na ukavu wa huku kwetu. Kichwa cha printa, yaani kile kipande chenye matundu madogo yanayorusha wino, ndicho kinachokufa mapema, na kwenye Canon hizi kinachomolewa na kuwekwa kingine bila kufungua mashine nzima. HP Smart Tank nayo ina vichwa vinavyobadilishwa. Kwenye Epson kichwa kimejengwa ndani. Ni kigumu na hudumu, ila kikiziba kabisa ni kazi ya fundi, na gharama yake inaweza kukufanya ufikirie printa mpya.

G2411 inaunganishwa kwa waya tu. G3411 ina Wi-Fi, na kama picha zako zinakaa kwenye simu, ongeza hela uichukue hiyo.

Chupa nyeusi ya Canon, GI-490, ina mililita 135, na kampuni inaikadiria kurasa 6,000. Ya Epson L4260, namba 101, ina mililita 127 kwa kurasa 7,500. Makadirio hayo hayakufanywa kwa picha za kupaka rangi, na ukurasa wenye maeneo mapana meusi utakula zaidi, ila yanakupa njia ya kulinganisha. Gawa bei ya chupa kwa idadi ya kurasa. Tuseme chupa ni shilingi 30,000 na inatoa kurasa 6,000: wino wa ukurasa mmoja ni shilingi 5. Karatasi yenyewe itakugharimu zaidi ya wino.

Kuna mpangilio mmoja unaowaangusha wengi, nao ni wa kwenye kompyuta. Ukichagua aina ya karatasi kuwa ya picha, printa hizi nyingi huacha pigimenti na kutengeneza weusi kwa kuchanganya zile rangi tatu za dai. Unakuwa umenunua printa sahihi na bado mstari unachuja. Hata ukiweka manila, chagua karatasi ya kawaida, kisha chagua nyeusi pekee na ubora wa juu.

Nafasi ya pili: leza ya rangi nyeusi

HP Laser 107a na nyingine za namna hiyo. Mstari wake ni mkali kuliko wote niliowataja, unatoka ukiwa umeshakauka, na tona haikauki ikikaa. Unaweza kufunga nyumba ukasafiri mwezi mzima, ukarudi ukaprinti ukurasa wa kwanza safi. Kwa mtu anayeprinti kwa vipindi, labda wakati wa likizo tu, leza inapanda ikawa ya kwanza.

Kwa nini basi nimeiweka ya pili? Umeme ndio sababu kubwa. Ili kuyeyusha tona inabidi ipashe sehemu moja hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na wakati huo inavuta mamia ya wati. Kwenye umeme wa TANESCO si tatizo, ni sekunde chache. Kwenye inveta ndogo ya sola iliyonunuliwa kwa ajili ya taa na televisheni, itagoma. Printa ya matangi inatumia chini ya wati 20 ikiprinti.

Pia leza nyingi ndogo hukunja karatasi njiani, hivyo manila nene hukwama au tona haishiki vizuri, ukiikwangua kwa ukucha inabanduka. Na kama unapenda mistari ya kijivu laini ambayo rangi huifunika ikapotea, leza hutengeneza kijivu kwa vidoti, na vidoti hivyo vinaonekana chini ya rangi nyepesi.

Tona ya 107a, namba 106A, inakadiriwa kurasa 1,000. Uliza bei yake kabla ya kulipia printa. Uliza pia kama kuna fundi mjini anayejaza na kubadilisha chipu yake, kwa sababu kununua kasha jipya la tona kila mara kutakuchosha mfuko.

Leza zilizotumika nazo zinaweza kuwa za maana. Mwambie muuzaji atoe ukurasa wa taarifa unaoonyesha mashine imeprinti kurasa ngapi, kisha uprinti ukurasa mtupu. Ukiona mistari ya kijivu kuanzia juu hadi chini, dramu, yaani silinda inayopeleka tona kwenye karatasi, imechoka.

Nafasi ya tatu: Epson M1100 na M1120

Ni matangi, ni nyeusi tu, na wino ni pigimenti. Kwa mistari ni kama zimetengenezwa kwa ajili yetu, na hakuna rangi nyingine za kukauka zikiwa hazitumiki. Lakini hazina skana, na huenda ukalazimika kuagiza. Mwalimu anayetoa picha za darasa zima kila wiki azifikirie kwa dhati. Familia ya kawaida itatamani kopi na rangi ndani ya muda mfupi.

Nafasi ya nne: Epson L3250

Najua nitawashangaza wengi, kwa sababu ni printa nzuri, ina Wi-Fi, wino wake unapatikana kirahisi na mafundi wanaijua. Kwa hati na kazi za shule sina neno nayo. Lakini wino wake wa 103 ni dai katika chupa zote nne, pamoja na nyeusi. Kama nyumbani mnatumia penseli na krayoni peke yake, inunue bila wasiwasi. Kama kuna brashi, hapana.

Wapo watakaokushauri uijaze wino wa pigimenti wa chupa zisizo za kampuni. Usikubali. Mabaki ya dai yaliyomo kwenye mirija yatachanganyika na wino usioendana nayo, chembe zinaweza kuganda kwenye kichwa, na dhamana itakuwa imekwisha.

Nafasi ya mwisho: za katriji ndogo

Bei ya kununulia inavutia, ndiyo mtego wenyewe. Katriji, yaani kasha dogo la wino linalobadilishwa likiisha, ina wino kidogo, huisha mapema, na ukijumlisha bei ya katriji chache umeshaikaribia printa ya matangi. Nyeusi ya HP nyingi za aina hii ni pigimenti, hilo ni jema lake, ila sizipendekezi kwa mtu atakayeprinti kila wiki.

Na kama hununui?

Kama mahitaji yako ni kurasa chache kwa mwezi, nenda steshenari. Mashine kubwa za kopi zinatumia tona, kwa hiyo kopi ya steshenari inavumilia rangi za maji kuliko ukurasa uliotoka kwenye printa nyingi za nyumbani. Mwenye L3250 anaweza kufanya hivyo pia: unaprinti nakala moja safi, unaipeleka kutolewa kopi, watoto wanapaka kopi. Peleka karatasi yako nzuri na uombe waitumie.

Karatasi na picha

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inatosha penseli. Kwa rangi za maji itajikunja na kuota manyoya, hivyo tafuta gramu 160 au manila nyepesi. Printa inayopokea karatasi kwa nyuma haiikunji sana, na ndiyo inayofaa manila. Karatasi ya picha inayong'aa iache kabisa: penseli inateleza juu yake.

Picha iliyopita WhatsApp kama picha imebanwa, mistari yake hutoka na kingo chafu. Mwambie anayekutumia aitume kama dokumenti. Kwa A4 kamili, picha yenye pikseli 2,480 kwa 3,508 itatoka safi. Na usiishie kwenye mabinti wa kifalme wa mtandaoni. Chora mbuyu, shada la zabibu, mchezaji wa ngoma wa Kigogo, au mnyama wa michoro ya Kolo, uiskani. Watoto wa Dodoma wanastahili kupaka rangi vitu wanavyovijua.

Kuitunza huku kwetu

Kiangazi chetu ni kirefu, na hewa kavu inakausha wino kwenye matundu ya kichwa. Printa ya wino iprinti walau ukurasa mmoja kwa wiki, wenye rangi zote. Izime kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani, kwa sababu ikizimwa kwa kitufe kichwa hurudi na kufunikwa. Umeme ukikatika ikiwa inaprinti, kichwa kimebaki wazi. Ukirudi, iwashe kisha uizime vizuri hata kama huna cha kuprinti. Funika mashine kwa kitambaa, funga trei, na karatasi zikae ndani ya rimu yake, hasa kama dirisha linatazama barabara ya vumbi.

Ukipata fundi anayependekeza kusafisha kichwa kila mara, mwambie apunguze. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sifongo iliyo ndani, na sifongo ikijaa printa hukataa kufanya kazi.

Siku ya kununua

Zunguka maduka ya mjini, Majengo na maeneo ya Nyerere Square, kabla ya kuagiza Kariakoo. Kariakoo bei inaweza kushuka, lakini printa ikigoma wiki ya pili utairudisha kwa basi. Jumlisha nauli ya mzigo kwenye hesabu, halafu linganisha. Popote ununuapo, dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana, na hakikisha namba ya chupa za wino inalingana na iliyoandikwa kwenye printa.

Beba flashi yenye picha moja ya mistari, karatasi utakayotumia nyumbani, na pamba. Omba waiprinti kwenye mashine ya mfano, subiri dakika kumi, lowesha pamba, pitisha juu ya mstari mara tatu. Pamba ikitoka nyeupe, au na kivuli hafifu tu cha kijivu, lipia. Ikitoka nyeusi na mstari ukatambaa, rudisha pochi mfukoni uende duka la pili.